Kufuli la Chumba cha Vifaranga

Mgeta, 20 Julai 2025

Kwa mtani wangu Elia,

Salaam kutoka kwenye ukungu. Shikamoo yangu huipati, ingawa umenizidi miaka mitatu na ndevu nne. Mtoto wa mjomba ni mtani, na mtani haamkiwi. Hata uote mvi nitakwambia "mambo" tu. Shikamoo zilizomo humu ni za Mjomba Amosi na mama yako. Wafikishie bila kuzipunguza.

Mimi mzima. Baridi ya huku mwezi huu tunaoga kwa kukimbia. Nimepewa kazi ya kutunza maktaba ya shule, yaani kabati mbili na meza inayoyumba, na nimefurahi sana kwa sababu haji mtu, kwa hiyo hakuna anayenitaka niongee. Mama ameandika kutoka Ngerengere. Biashara ya chakula pale stesheni inakwenda, ila magoti yanamsumbua. Anauliza kama umeshaacha kukwangua ukoko peke yako.

Barua hii anakuletea Mama Tomasi, yule anayeteremsha karoti na njegere sokoni. Usimcheleweshe kwa maneno mengi.

Sasa lililonifanya niandike. Nilitaka kulisema likizo ya Juni nikashindwa, maana kila nilipofungua mdomo Mjomba alikuwepo. Ni kile chumba cha nyuma anacholala mdogo wangu Hosiana na vifaranga.

Soketi mle ni moja. Imebeba friji ya mama yako na ile ekstensheni inayopita chini ya mkeka wa Hosiana kwenda kwenye balbu za kuwapa vifaranga joto. Balbu zenyewe zinaning'inia kwa kamba ya katani juu ya maranda makavu. Jioni moja nilikwenda kumfunika Hosiana, nikakanyaga mkeka pale waya unapopita. Unyayo ulisikia joto, kama mtu ametoka kulala hapo sasa hivi. Nikashika plagi. Nayo ilikuwa na joto, na upande mmoja imegeuka rangi ya kahawia. Kulikuwa na harufu pia. Nilijiambia ni vifaranga, lakini vifaranga hawanuki kama kikombe cha plastiki kilichosahauliwa karibu na jiko.

Halafu Mjomba akaja, akafunga mlango kwa kufuli upande wa nje, kwa ajili ya wezi wa kuku, akaweka ufunguo mfukoni. Hosiana alikuwa ndani. Dirisha lina nondo.

Umeme ule uliufunga wewe. Naomba friji ihamie soketi nyingine, waya utoke chini ya mkeka, balbu zishikwe kwa mnyororo mbali na maranda. Na Hosiana alale sebuleni. Mwambie Mjomba wewe. Mimi ni mtoto wa dada yake, amenilea, amenileta shule. Nitaanzia wapi kumwambia nyumba yake ina kasoro?

Mtani wako,
Winfrida


Kihonda, 3 Agosti 2025

Kwa Profesa wa Ukungu,

Shikamoo yangu nitaidai hadi mbele ya paroko. Hapa wote wazima. Mama anakusalimu, baba anakusalimu, jogoo pia. Mama Tomasi alinikuta nimelala mchana akasema mbele ya majirani kwamba huko kwenu milimani mwanaume wa kulala saa saba ni marehemu. Mwambie nimemsamehe.

Ukoko sijaacha. Nani atakula?

Sasa wewe mtoto, umesoma sura moja ya umeme darasani tayari unawanyooshea mafundi kidole! Mimi nimekaa kwa fundi miezi sita, nimepanda dari za watu, nimepigwa shoti mara ambazo sizisemi. Umeme ni joto, mtani. Vifaranga tumewawekea joto, sasa ukilisikia joto unashangaa nini? Ungesikia baridi ndiyo ungeandika barua.

Nikupe somo usilolipata huko. Mwezi wa tano breka ilikuwa inaruka na kukata umeme kila tukiwasha balbu zote na friji. Siku moja iliruka sote tukiwa shambani, tuliporudi vifaranga wamelundikana kwenye kona, wamekufa kwa baridi. Baba hakula siku ile wala kesho yake. Basi nikaitoa breka ile nikaweka kubwa zaidi. Tangu hapo haijaruka hata mara moja. Hiyo inaitwa ufundi.

Kuhusu Hosiana, usimwonee huruma. Ukimtoa mle analia. Vifaranga wakianza kulia kwa baridi yeye ndiye anagonga ukuta, baba anaamka. Amewapa majina wote, na mmoja anaitwa Winfrida kwa sababu haongei. Ana plasta kwenye vidole, alishika sufuria ya moto, lakini haimzuii kudokoa.

Halafu utafurahi ukija Desemba: nimepaka rangi ukuta wa chumba cha nyuma. Bluu. Umependeza.

Mtani wako asiyeamkiwa,
Elia


Mgeta, 17 Agosti 2025

Elia mla ukoko,

Natumaini mmeamka salama nyote. Wape shikamoo zao. Huku njegere zimechanua upande wote wa chini ya shule, na wiki hii mtu mmoja alikuja kuazima kitabu. Nilishtuka nusura nijifiche nyuma ya kabati.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nilicheka kwenye kifaranga Winfrida. Baadaye nikaacha kucheka.

Hosiana ana miaka sita. Mama yako hamruhusu kukaribia jiko, kila mtu anajua. Akikaribia anapigiwa kelele mpaka barabarani. Alishikaje sufuria ya moto? Na mtu anapakaje rangi ukuta mmoja, akaacha tatu? Ni ule wenye soketi?

Nilimuuliza Mama Tomasi mlivyo. Alisema, "Wazima wote, mwanangu. Ila mlangoni kwenu pananuka kama wamechoma ndala." Akageukia karoti zake.

Sikuulizi kilichotokea. Nakuandikia tu kuhusu breka, na nisamehe kama naandika kama mwalimu. Breka haikuwa mbovu, Elia. Ilikuwa inaruka kwa sababu waya ulio ukutani ulikuwa umebebeshwa mzigo unaouzidi. Ndiyo kazi yake, kukata kabla waya haujapata moto. Ulipoweka breka kubwa hukuupa waya nguvu. Waya ni uleule mwembamba. Ulimziba mdomo aliyekuwa anapiga kelele, ukaona kimya kimekuja ukadhani mambo yametengemaa.

Na kama moto utatokea, ukumbuke haya. Kwanza watu watoke. Pili zima meni swichi, ile kuu ya nyumba nzima, na kama huwezi kuifikia bila kupita kwenye moto, iache. Mtu asimwage maji umeme ukiwa bado umewaka, maana maji yatauleta umeme kwake. Ukiwa moto mdogo, umeme umeshazimwa, mwagieni mchanga mkavu. Weka ndoo ya mchanga karibu na mlango leo, siyo kesho. Ukiwa mkubwa msijaribu ushujaa. Tokeni, vuteni mlango, pigeni 114 waje zimamoto.

Lakini lile la kwanza, watu watoke, haliwezekani kwenye mlango wenye kufuli nje.

Umemwambia Mjomba?

Winfrida


Kihonda, 31 Agosti 2025

Winfrida,

Habari za huko. Hapa wazima. Naandika kwa haraka.

Baba ameleta awamu nyingine ya vifaranga, wengi kuliko wa kwanza. Tumeongeza balbu. Ndoo ya mchanga nimeweka. Vidole vya Hosiana vimepona.

Hayo mengine yaache. Wewe uko mbali huoni. Tangu kiwanda kimpunguze, baba alikuwa anakaa kwenye ngazi ya mlango kuanzia asubuhi, hata ukimpitishia chai haoni. Sasa anaamka, anapima maji, anawahesabu, anaimba. Nikienda kumwambia chumba kina kasoro nitakuwa namwambia kazi yake hii nayo imemshinda. Na kasoro nimeiweka mimi. Unataka nianze na lipi?

Salimia mama ukimwandikia.

Elia


Mgeta, 7 Septemba 2025

Elia,

Barua hii haina salamu. Utanisamehe.

Yako haikuwa na utani hata mmoja. Tangu nijue kusoma hujawahi kuniandikia hivyo. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Likizo fupi ilikuwa ianze kesho, lakini Kidato cha Tatu tumeambiwa hatutoki, tunabaki kusoma. Kwa hiyo nilikwenda kwa matroni kuomba simu. Simu yake ni ya wagonjwa tu. Nikasema naumwa, na haukuwa uongo. Nikapiga nyumbani, akapokea Mjomba. Nikasema shikamoo. Akasema, "Marahaba, mwanangu, masomo?" Nikasema mazuri. Akasema, "Vifaranga wanakusalimu," akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo mwaka mzima. Nikasema ahsante Mjomba, nikakata. Matroni alikuwa amesimama pale, akaniangalia kama mtu aliyeibiwa dawa.

Kwa hiyo najua unachokisema. Na mimi nimeshindwa. Ndiyo maana naomba kitu kimoja tu, ambacho ni wewe peke yako unaweza.

Unakumbuka tulipomzika babu Yohana. Watani walikuja, mmoja akavaa koti lake na kofia yake, akatembea kama yeye, akikohoa kama yeye, akawagombeza watu kwa sauti yake. Watu waliokuwa wanalia wakacheka, halafu wakalia zaidi. Mama alisema ile ni kazi ya mtani; mtani asipoifanya, msiba haujatimia.

Hosiana ni mdogo wangu. Mimi nitakuwa mfiwa, siwezi kumfanyia utani. Mtani wake ni wewe.

Utavaa sweta lake la shule. Halitapita kichwani, kwa hiyo labda utalivaa kama kofia. Utatembea mbele ya watu kama anavyotembea. Utawaita vifaranga kwa majina. Halafu utasema maneno, maana mtani lazima aseme. Tafadhali niandikie maneno hayo sasa, ili nikifika nisiyasikie kwa mara ya kwanza mbele ya watu.

Sitaki utani mwingine wowote kutoka kwako. Nataka huo tu.

Winfrida


Kihonda, 28 Septemba 2025

Kwa mtani wangu Winfrida,

Salamu ni nyingi na nitazitoa zote, maana safari hii zipo. Hosiana mzima. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa vizuri. Mama mzima, baba mzima, mimi nyusi za upande mmoja zimeungua, naonekana kama mtu anayeshangaa nusu. Mama yako amekuja kutoka Ngerengere na magoti yake, yuko hapa anapika.

Barua yako ilinikasirisha. Nilisema, huyu mtoto ana laana. Nikaiweka chini ya godoro. Siku ya pili nikachukua kalamu, nikasema nitamkomoa, nitamwandikia huo utani wake aone. Nikaandika, "Hosiana alikuwa anatembea kama bata mwenye haraka." Nikaishia hapo. Lile neno "alikuwa" lilikaa kwenye karatasi likawa linaniangalia. Nilichana. Nikaenda chumba cha nyuma nikamkuta amekaa kwenye mkeka anamfundisha kifaranga kuandika.

Jioni nikamfuata baba.

"Baba, ile breka ya mwezi wa tano niliweka kubwa kuliko waya. Na ukuta niliupaka rangi kuficha weusi. Soketi ilitoa cheche wakati mko kwenye sala za jumuiya. Hosiana alikuwa anachomoa plagi, ikamuunguza. Nikamwambia aseme ni sufuria."

Baba akasema, "Unataka niwazimie vifaranga balbu wafe?"

"Hapana, baba. Nataka Hosiana atoke."

"Ulifunga wewe, ukasema kazi nzuri. Leo wewe huyohuyo unasema mbaya. Nimwamini Elia yupi?"

Akainuka akafunga kufuli, akaenda kulala. Hakuwa yule Mjomba uliyemsikia kwenye simu. Huyu alikuwa wa kwenye ngazi.

Asubuhi alipokwenda kuchota maji, nilichukua lile kufuli nikalitupa chooni. Jioni akawa analitafuta.

"Kufuli langu liko wapi?"

"Limeingia chooni, baba."

"Limeingia? Lina miguu?"

"Lilisindikizwa."

Mama akacheka, akaziba mdomo kwa khanga. Baba alininyooshea kidole, akasema kesho atanunua jingine, na mimi nitafute pa kulala. Usiku ule alilala kwenye kiti mbele ya mlango na panga, akilinda kuku. Kesho yake duka la vifaa lilikuwa limefungwa, mwenyewe amekwenda msibani Mwembesongo.

Siku hiyohiyo umeme ulikatika mchana, ukarudi jioni tukiwa tunakula. Hosiana alishakula, amelala. Kwa kawaida saa ile mlango huwa umeshafungwa. Umeme uliporudi friji ikanguruma na balbu zote zikawaka kwa mpigo. Breka yangu haikuruka. Hairuki, niliisifia mwenyewe.

Tulisikia vifaranga kwanza, kelele ambayo si ya baridi. Nilipogeuka, mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka na Hosiana akatoka mwenyewe, anakohoa, amekunja gauni kama anabeba maembe, ndani yake kuna vifaranga. Nyuma yake moshi mweusi. Akasema, "Ukuta unawaka, kaka Elia," kwa sauti ya kusema mvua inanyesha.

Nilikimbilia meni swichi. Niliporudi baba ana ndoo ya maji, amefika mlangoni, ameiinua. Nikapiga kelele, "Baba, usimwage! Rudi!" Sijawahi kumpigia kelele baba. Alisimama na ndoo yake juu. Nikamwambia umeme nimeshazima lakini moto uko darini, tutoke. Mchanga niliumwaga wote, ulikuwa kama kumtemea mate tembo, na hapo ndipo nyusi ziliondoka. Nikavuta mlango, nikapiga namba uliyoniandikia. Majirani walikuwa wamefika kuondoa vitu vya sebuleni. Zimamoto walipokuja chumba kile kilikuwa kimekwisha na bati zake, lakini sehemu nyingine ya nyumba imebaki. Vifaranga waliobaki ni wale wa kwenye gauni tu. Winfrida yumo. Bado haongei.

Baba alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, karibu na mimi. Alikaa mpaka watu wakaondoka.

"Kufuli lile," akasema.

"Naam, baba."

"Ningekuwa nimeshalifunga."

Akaendelea, "Ufunguo ungekuwa mfukoni. Sijui kama mkono wangu ungeweza kuuona ufunguo kwenye mfuko." Akaweka mkono mfukoni, akautoa mtupu, akautazama. Halafu akalia, mtani. Mimi sikujua pa kuangalia, nikaangalia mabaki ya friji.

Kesho yake nilimsomea barua zako zote. Hata ile. Nilifikiri atakasirika. Nilipofika kwenye sweta la kofia akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Huyu mtoto aliniamkia kwenye simu akiwa na haya yote tumboni?"

Kuna fundi mwenye leseni atakuja kufunga waya upya nyumba nzima, mimi nitakuwa msaidizi wake, na kila ninachofunga atakikagua. Kuku watajengewa banda mwisho wa kiwanja, mtu asilale humo. Lakini baba amekataa kazi ianze kabla ya Desemba. Mpaka hapo tunatumia taa za sola, jioni tunagongana vichwa. Anasema mwambie Winfrida aje kwanza, atuonyeshe chumba kwa chumba anachokiogopa. "Na safari hii," anasema, "aniambie kwa mdomo."

Maneno uliyoniomba sina. Naomba usiniombe tena.

Elia


Mgeta, 5 Oktoba 2025

Elia,

Nimeipata barua yako kwa Mama Tomasi. Alikaa kwenye jiwe la getini akanisubiri niisome, nikaisoma ile sentensi ya kwanza kuhusu Hosiana mara nyingi sana, mpaka akaniuliza kama mwandiko wako ni mbaya.

Shikamoo kwa mama yako, na kwa mama yangu. Mwambie Hosiana asirudie kubeba vifaranga moto ukiwaka. Atoke mikono mitupu. Mwambie kwa upole. Mimi kwa vifaranga wake nimelia kidogo, usimwambie.

Shikamoo ya pekee kwa Mjomba. Mwambie nimesikia, na nitakuja. Nimeanza mazoezi. Nikifunga maktaba nasimama mbele ya kabati nasema kwa sauti, "Mjomba, naogopa hapa." Mwanzoni haikutoka. Jana ilitoka, na yule mtu aliyewahi kuazima kitabu alikuwa mlangoni akanisikia, akaniuliza naogopa nini. Nikamweleza yote. Sijawahi kuongea muda mrefu namna ile.

Nyusi zako zitaota. Zisipoota utapakwa bluu.

Nimefikiria pia lile kufuli. Ulilitupa ukijua utafukuzwa nyumbani, na hukuwa na hakika kama kutakuwa na moto. Mimi nilijua mengi nikasema "masomo mazuri". Kwa hiyo kuna kitu unanidai, na nakilipa hapa, kwenye karatasi, pasipo na mashahidi.

Shikamoo, Elia.

Ni moja tu. Usiizoee.

Winfrida